Kinga ya mtoa taarifa kazini ni nini?

Mtunza stoo anapokea saruji. Karatasi inasema mifuko 200, iliyoshushwa ni 140, na bosi anamwambia asaini hivyo hivyo. Akikataa na kulifikisha jambo hilo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, sheria ya Tanzania inamwita mtoa taarifa. Kinga yake ni haki ya kutoadhibiwa kwa sababu amesema.

Msingi wake ni sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Haimdai mfanyakazi ushahidi uliokamilika. Inataka awe na nia njema na sababu ya maana ya kuamini kuwa anachosema ni kweli. Anayezua jambo akijua ni uongo hana kinga. Na kulirusha jambo kwenye kundi la WhatsApp si sawa na kulifikisha kwa mamlaka husika.

Kisasi chenyewe ni nadra kuja kwa jina lake. Huja kama uhamisho wa ghafla, kuondolewa kwenye zamu zenye posho, au barua ya kujieleza kwa kosa la mwaka juzi ambalo hakuna aliyewahi kulitaja. Ndiyo maana nasisitiza: tunza nakala ya kila barua, na andika tarehe. Ukiachishwa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa sababu yake ilikuwa halali, na kutoa taarifa inayoruhusiwa kisheria si sababu halali.

Mbali na watoa taarifa, sheria hiyo hiyo ya ajira inakataza pia ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri au kuishi na VVU. Unyanyasaji kwa misingi hiyo nao ni ubaguzi, na hata anayeomba kazi tu analindwa.

Kinachowaumiza wengi ni muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa Fomu Namba 1. Watu huzimaliza siku hizo wakisubiri simu ya ofisi ya utumishi iliyowaahidi kuwa "tutalimaliza wenyewe". Aliyechelewa anaweza kuiomba Tume impokee nje ya muda, ila lazima aeleze sababu nzito ya kuchelewa, na ahadi ya simu pekee ni vigumu kuithibitisha.