Vifaa vya dharura kwenye gari: yanayosemwa na yalivyo

"Spea ipo, sina wasiwasi."
Fungua buti uitazame. Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika hubeba spea nyembamba ya muda, na ubavuni imeandikwa upepo wake: 60 psi. Watu huijaza 30 kama matairi mengine, au haijaguswa tangu gari lishuke melini. Ukiifunga hivyo inalala, inachemka, inapasuka. Mwendo wake mwisho ni kilomita 80 kwa saa, na kazi yake ni kukufikisha kwa fundi pancha, si kukutoa Dar hadi Mbeya. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 1512 ni wiki ya 15 ya mwaka 2012. Spea ya umri huo ibadilishe, hata kama haijawahi kukanyaga barabara. Mpira huzeeka ukiwa umelala.

"Jeki ya gari inatosha."
Kwenye lami, sawa. Kwenye mchanga kitako chake kidogo kinazama na gari halinyanyuki. Beba ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene 3. Nati zilegeze nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Ukinyanyua kwanza, tairi linazunguka na gari linaweza kuchomoka kwenye jeki. Zile zilizokazwa kwa mashine hazitikisiki kwa spana fupi ya gari, kwa hiyo ongeza bomba la chuma la nusu mita la kuvika kwenye mpini. Zijaribu nyumbani, zote.

"Fyuzi ikiungua, unga kwa waya."
Fyuzi huungua ili nyaya zisiungue. Ukiiziba kwa waya, joto linahamia ndani ya dashibodi, na moto unaanzia huko. Beba mbili mbili za ampea zilezile: nyekundu 10, bluu 15, njano 20.

"Limechemsha? Fungua rejeta umwage maji."
Maji yaliyobanwa humo yanakurukia usoni. Zima injini, ngoja si chini ya nusu saa, fungua mfuniko kwa kitambaa kinene, kisha ongeza kidogo kidogo. Maji baridi ya ghafla yanaweza kupasua silinda hedi, sehemu ya juu ya injini. Beba maji lita 5.

"Matawi yanatosha kuonya wenzako."
Usiku matawi hayaakisi taa. Beba pembetatu mbili: moja mita 50 nyuma ya gari, moja mbele. Penye kona, ya nyuma iwekwe kabla kona haijaanza.