Makala Kupitiwa na Wanataaluma Wenza si Kuthibitishwa

Kuna sentensi inayorudiwa sana kila yanapotajwa masuala ya afya ya akili na fedha: "Utafiti uliopitiwa na wanasayansi umethibitisha kwamba kila dola 1 inayowekwa kwenye matibabu ya sonona na wasiwasi uliokithiri inarudisha dola 4." Anayeisema huwa na nia njema. Anataka wenye bajeti wasikie, na mimi pia nataka wasikie. Tatizo ni hilo neno "umethibitisha". Limebandikwa juu ya kazi ambayo mapitio ya wanataaluma wenza hayakuwahi kuifanya, na kila likirudiwa linazidi kuwapotosha watu kuhusu sayansi na kuhusu fedha.

Maana ya mapitio hayo haina ugumu. Mtafiti anaandika makala na kuituma kwa jarida. Mhariri akiona inafaa, anawapelekea watu wawili au watatu wa fani hiyohiyo, ambao mara nyingi hawalipwi, na mwandishi huwa hajui ni akina nani. Wanaisoma na kuandika maoni: mbinu ina kasoro hapa, hitimisho limepita data pale, eleza washiriki mliwapataje. Mhariri anaamua kama ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe. Basi, hayo ndiyo mapitio.

Sasa tazama kisichokuwamo. Mpitiaji harudii utafiti. Hawaiti washiriki upya, na kwa miaka mingi hakuwa hata akipewa data ghafi. Alipewa makala, yenye majedwali na wastani uliokwisha kukokotolewa. Anachopima ni kama hoja inasimama iwapo yale anayosema mwandishi kweli yalifanyika. Ni kazi nzito na ninaiheshimu, maana makala nyingi huboreka mikononi mwa wapitiaji na nyingine huzuiwa kabla hazijaleta madhara. Lakini ni kazi ya kusoma kwa jicho kali. Kuthibitisha ni kazi nyingine.

Wengi hudhani desturi hii ina umri sawa na sayansi yenyewe. Jarida la Philosophical Transactions lilianza London mwaka 1665, na mhariri wake, Henry Oldenburg, ndiye aliyeamua kwa sehemu kubwa kipi kichapishwe. Ripoti za maandishi kutoka kwa wasomaji wataalamu zilianza miaka ya 1830 katika Royal Society, chama cha wanasayansi cha London kilichochapisha jarida hilo, kwa pendekezo la msomi William Whewell. Yeye na mwenzake John Lubbock walipewa makala ya mwanafalaki George Airy waitolee ripoti moja, wakashindwa kuelewana: mmoja alitaka kuonyesha ukubwa wa wazo, mwingine alitaka makosa yasahihishwe. Jarida la Nature, ambalo leo watu hulitaja kama muhuri wa ubora, lilifanya mapitio ya nje kuwa lazima mwaka 1973 tu. Mwaka 1936 Einstein alikasirika alipogundua kwamba wahariri wa jarida la Physical Review wamempelekea mtu mwingine makala yake aisome kabla ya kuchapishwa, akaiondoa. Na yule msomaji alikuwa ameona kosa la kweli. Kwa hiyo mapitio yanafaa sana, ila ni chombo kilichojengwa na watu, polepole, ili kumsaidia mhariri kuamua.

Saikolojia ndiyo fani iliyotuonyesha wazi chombo hicho kinaishia wapi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Brian Nosek lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, zote kutoka majarida yenye mapitio. Katika tafiti za awali, asilimia 97 ziliripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizopata hivyo. Hii haina maana kwamba zilizobaki zote ni uongo, kwa kuwa marudio nayo yanaweza kukosea. Lakini makala zote 100 zilikuwa zimepita chini ya macho ya wataalamu wenza.

Ukitaka kuona jambo hili linavyoingia kwenye fedha, chukua mfano wa saini. Mwaka 2012 jarida la PNAS lilichapisha makala iliyosema kwamba mtu akitia saini ya kiapo cha ukweli juu ya fomu, kabla ya kuijaza, atadanganya kidogo kuliko akitia saini chini, baada ya kuijaza. Fikiria mvuto wake kwa kampuni za bima na mamlaka za kodi: unahamisha mstari mmoja kwenye karatasi, bila gharama, na watu wanaanza kusema kweli. Moja ya majaribio yake lilitumia fomu za bima ya magari zaidi ya 13,000, ambamo wateja waliandika namba zinazosomeka kwenye mita ya umbali ya gari.

Mwaka 2020 waandishi haohao, pamoja na wengine, walirudia wazo hilo na hawakuona athari yoyote. Walichapisha matokeo hayo na kuweka hadharani data ya mwanzo. Mwaka 2021 watafiti wa Data Colada, blogu inayochunguza data za tafiti, wakaifungua. Maili walizoendesha watu zilikuwa zimetawanyika sawasawa kuanzia 0 hadi 50,000: walioendesha maili chache sana walikuwa wengi sawa na walioendesha nyingi mno, na juu ya 50,000 hakukuwa na mtu. Binadamu hawaendeshi magari hivyo. Zaidi ya hapo, karibu nusu ya namba za mita za mwanzo zilikuwa katika fonti (mtindo wa herufi) ya Calibri na nusu nyingine katika Cambria, ndani ya safu moja, dalili kwamba kuna namba zilizotungwa. Mwaka huohuo jarida likaiondoa rasmi makala hiyo. Hakuna mpitiaji anayeweza kuyaona hayo kwa kusoma jedwali la wastani.

Turudi kwenye zile dola 4. Chanzo chake ni makala ya mwaka 2016 katika jarida la Lancet Psychiatry, nayo ilipitiwa. Waandishi walichukua nchi 36 na kukadiria: matibabu ya sonona na wasiwasi yakipanuliwa kuanzia 2016 hadi 2030, yatagharimu kiasi gani na yataleta nini. Hakuna aliyetoa dola 1 kisha akahesabu 4 zikirudi. Ni modeli inayotazama mbele, na waandishi wenyewe walisema hivyo. Kinachoniuma zaidi ni kinachoachwa njiani. Ukihesabu faida ya kiuchumi peke yake, yaani watu kufanya kazi na kuzalisha, kila dola inarudisha 2.3 hadi 3.0. Inafika 3.3 hadi 5.7 pale tu unapoongeza thamani ya afya yenyewe, ya mtu kuishi vizuri. Thamani hiyo ni halali kabisa kuihesabu, lakini waziri wa fedha hataikuta katika makusanyo ya kodi.

Hoja ya Uingereza ya mwaka 2006, ya kutaka serikali igharimie tiba ya kisaikolojia kwa watu wengi zaidi, ilikuwa na sura kama hiyo. Ripoti iliyotoka London School of Economics ilisema tiba ya kisaikolojia ingegharimu takriban pauni 750 kwa mtu, na kwamba mtu anayelipwa posho ya kutoweza kufanya kazi anaigharimu serikali karibu kiasi hichohicho kwa mwezi mmoja. Majaribio ya tiba yenyewe yalikuwa yamechapishwa katika majarida yenye mapitio. Swali la kama wagonjwa watarudi kazini, tena kwa muda gani, lilihitaji kujibiwa na rekodi za ajira baada ya huduma hiyo ya tiba kuanza mwaka 2008.

Kwa hiyo ile sentensi endelea kuitumia, ila iseme hivi: "Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida lenye mapitio yanaonyesha kwamba kila dola 1 inayowekwa kwenye matibabu ya sonona na wasiwasi inaweza kurudisha dola 2 hadi 3 za uzalishaji, na zaidi ya hapo ukihesabu thamani ya afya." Ni ndefu kidogo. Akikuuliza mtu kama imethibitishwa, mjibu kwamba wataalamu waliona makadirio yanastahili kuchapishwa, na kwamba fedha zilizorudi kweli zinahesabiwa mahali huduma ilipokwisha kutolewa.