"Mwache alale, kesho atakuwa sawa": tunayoyaamini kuhusu watoto na pombe

Ilikuwa saa nne kasoro usiku, wiki ile ya Desemba ambayo huku Kilimanjaro kila ukipita njia unakuta turubai na muziki. Mtoto wa miaka 13 aliletwa kwetu amelala mapajani mwa mama yake, shati limelowa maji chapachapa. Nyumbani kwao kulikuwa na sherehe ya kipaimara cha dada yake. Mjomba aliyewaendesha alinisalimia akiwa ameinamisha macho. "Amelewa tu, daktari. Mimi nilisema tumwache alale, kesho atakuwa sawa. Mama yake ndiye aliyeng'ang'ania tuje."

Nilimshika mkono, ukawa wa baridi. Muuguzi akamtoboa kidole, na mashine ya sukari ikasoma 1.8. Mtoto mzima wa afya namtarajia awe juu ya 4. Kabla hatujamaliza kufunga dripu akaanza degedege. Tulimpa sukari ya mshipani, na baada ya dakika chache akafumbua macho, akamwita mama.

Mama akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kazi ya kutibu watoto: "Sukari? Mbona hana kisukari?"

Naandika haya kwa sababu ya swali lile na kwa sababu ya kauli ya mjomba. Yule mjomba si mtu mbaya. Alisema alichosikia tangu utoto wake, na ndicho wengi wetu tulichosikia. Lakini katika yote yanayosemwa kuhusu watoto na pombe, "mwache alale" ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Nianze na sukari. Ini lina kazi mbili ambazo usiku ule ziligongana. Ya kwanza ni kutunza sukari ya akiba na kutengeneza nyingine mpya pale mtu asipokula, ili ubongo usikose chakula. Ya pili ni kuvunjavunja sumu, na pombe kwa ini ni sumu. Pombe ikiingia, ini huacha kutengeneza sukari mpya na kushughulika na sumu kwanza. Mtu mzima aliyekula ugali mchana ana akiba ya kutosha kumvusha. Mtoto ana ini dogo na akiba ndogo. Huyu wetu alikuwa amekunywa chai asubuhi, kisha siku nzima akawa anabeba viti, anachota maji, anagawa soda kwa wageni, na hakuna aliyekumbuka kumpa sahani. Jioni, kwenye ndoo za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, zilizobaki nyuma ya jiko, yeye na binamu zake walijisevia. Kufikia saa tatu akiba ilikuwa imekwisha na ini lilikuwa halizalishi. Ukimtazama mtoto wa namna hiyo unaona mlevi aliyelala, kumbe ni ubongo unaokufa njaa.

Kulala nako kuna hatari zake nyingine. Pombe iliyoko tumboni haisimami mtoto anapoacha kunywa. Inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo anaweza kuwa hoi zaidi nusu saa baada ya kikombe cha mwisho kuliko alipokuwa anakunywa. Kadiri inavyopanda, ndivyo ubongo unavyosahau kumkumbusha apumue na akohoe. Akitapika akiwa chali, matapishi yanaingia kwenye mapafu naye hana nguvu ya kuyatoa.

Basi ukimkuta mtoto kalewa, mlaze kwa ubavu, goti la juu limekunjwa mbele ili asibingirike, mdomo ukielekea chini. Mfunike, maana pombe hupoteza joto la mwili. Usimtoke hata dakika moja. Mfinye kwa nguvu penye nyama ya bega: asipoitika, nenda hospitali. Hesabu pumzi zake: zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au akikaa sekunde 10 bila kupumua, nenda hospitali. Tazama midomo, ulimi na kucha, kwa sababu kwenye ngozi yetu nyeusi hapo ndipo utaona rangi ikibadilika kuwa ya kijivu au ya bluu. Kwa mtoto mimi nashusha kizingiti zaidi: kama hawezi kukaa mwenyewe na kukujibu jina lake, mlete. Bebeni na chupa au galoni alilonywea.

Usimwagie maji ya baridi, maana unampunguzia joto ambalo tayari hana. Usimlazimishe kutapika. Maziwa, maji ya ndimu, kahawa ya strungi, supu ya mbuzi: hakuna hata kimoja kinachoongeza mwendo wa ini. Tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja, saa mbili au zaidi, unywe kahawa usinywe. Kahawa itamfanya mlevi awe macho, basi. Na ukimnywesha mtoto asiye na fahamu kimiminika chochote unaweza kumpaliza akafa mikononi mwako.

Sasa nije kwenye mbege, na hapa naomba wasomaji wa nyumbani wanisikilize kwa uvumilivu, kwa sababu nami ni wa huku. Tunasema pombe ya kienyeji ni chakula, haina kemikali, hata mtoto akionja haina neno. Ulezi na ndizi ni chakula, hilo sibishi. Lakini kilevi kilichomo kwenye mbege ni kilekile cha bia ya kiwandani na cha mvinyo wa Ulaya; mwili hauulizi kimetoka kwenye kibuyu au kwenye chupa yenye lebo. Tofauti ni kwamba kwenye kibuyu hujui kipo kiasi gani. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanalijua hili vizuri: ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi ni mtamu, watoto wanaufurahia, na huohuo ukilala siku mbili unamwangusha mwanamume. Togwa ni jambo jingine. Togwa ya uji iliyochachuka kidogo imelea vizazi vya watoto, na simkatazi mama yeyote. Ninachokataza ni kile kikombe ambacho babu anampa mjukuu wa miaka mitano "anyamaze", na machicha ya pombe ambayo watoto wanachezea huku wakiyala.

Gongo, pombe kali ya kienyeji inayokenekwa, ni habari nyingine kabisa. Kuna watu wanaamini unaweza kuipima kwa kiberiti: ikiwaka moto wa bluu ni salama. Si kweli. Ethanoli, kilevi tunachokijua, inawaka bluu. Methanoli, ile inayopofusha, nayo inawaka bluu, tena hafifu kiasi kwamba mchana huioni. Methanoli ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inaanza na neva ya jicho. Ubaya wake ni kwamba inachelewa. Kijana analala akiwa kalewa kama kawaida, anaamka vizuri, kisha baadaye siku hiyo anaanza kuumwa kichwa na tumbo, anahema haraka, na anakwambia anaona kama ukungu au theluji. Hapo usiseme ni uchovu wa pombe. Huko Kenya, Novemba 2000, kumi kumi, pombe haramu ya huko, iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na wengine walibaki vipofu. Mei 2014 yakajirudia Embu na kaunti nyingine. Dawa ipo, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, ila ni mbio na muda.

Kuna mzazi mmoja, baba msomi na mcha Mungu, aliwahi kuniambia: "Daktari, mimi wa kwangu nimemfundisha kunywa mezani kwangu. Bora anywe mbele yangu kuliko kwenda kujificha." Namuelewa. Anataka kumlinda mwanawe. Na hoja yake ina mantiki kwenye maneno, lakini ikipimwa inaanguka. Huko Australia watafiti walifuatilia vijana 1,927 na wazazi wao kwa miaka 6, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Walitafuta kama mtoto anayepewa pombe na mzazi anajifunza kunywa kwa kiasi. Hawakuona faida yoyote. Waliopewa na wazazi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kupindukia na kupata madhara, na tena walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuitafuta kwingine pia. Mtoto hakusoma kwa baba yake somo la kiasi. Alichokisoma ni kwamba ruhusa ipo.

Kuhusu umri wa kuanza, utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba waliokunywa kabla ya kufika miaka 15, asilimia 40 hivi walikuja kuwa na utegemezi wa pombe. Walioanza wakiwa na 20 au zaidi walikuwa asilimia 10 hivi. Lazima niseme kwa haki: takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba kuanza mapema ndiko kunakoleta ulevi. Mtoto anayeanza mapema mara nyingi ametoka kwenye nyumba yenye pombe, ugomvi au urithi wa ulevi, na hayo nayo yana sehemu yake. Hata hivyo ubongo unatupa sababu ya kuamini kwamba umri una uzito wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosema "ngoja kwanza", inaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Sehemu inayotafuta raha na kujifunza mazoea inakomaa mapema zaidi. Ukimpa kijana pombe katika miaka hiyo, unaifundisha ile iliyokomaa huku ile ya breki bado inajengwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vijana wenyewe hawalijui, na ningependa walimu walipeleke darasani. Kijana hasikii usingizi wa pombe haraka kama mtu mzima. Hili limeonekana wazi kwa panya: wenye umri wa balehe huchelewa kulala kwa dozi ileile inayomlaza mkubwa. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuendelea kusimama na kucheza muziki akiwa na kiwango ambacho baba yake angekuwa ameshalala kochini. Wenzake wanamsifu, "huyu jamaa ana kichwa". Kumbe king'ora kilichopaswa kumzuia hakijalia, na mapafu na moyo havisubiri king'ora. Naye akiwa anahitaji vikombe vingi kuliko zamani ili achangamke, huo ni mwili unaozoea, na kuzoea ndiyo hatua ya kwanza ya utegemezi.

Wapo wanaosema sheria hazisaidii, kijana akitaka atapata tu. Mimi nilikuwepo kazini kabla na baada ya 1 Machi 2017, siku viroba vilipopigwa marufuku Tanzania. Pakiti ya mililita 100 ya kinywaji cha asilimia 40 ilikuwa na gramu 32 hivi za kilevi, zaidi ya chupa moja na nusu ya bia, ndani ya mfuko wa sare ya shule, kwa hela ya maandazi. Bei na ukubwa wa chombo ni mambo makubwa kwa mtoto kuliko mahubiri yetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto kilevi, lakini duka la mtaani linamjua mtoto kama mjumbe wa baba: "Baba kanituma." Tuache kuwatuma. Hilo halihitaji bajeti.

Iceland walifanya zaidi. Mwaka 1998, vijana wa miaka 15 na 16 waliosema wamelewa ndani ya mwezi uliopita walikuwa asilimia 42. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Walitoa fedha kwa ajili ya michezo na muziki wa watoto, wakaweka saa ya mtoto kuwa nyumbani, na wazazi wa mtaa mmoja wakakubaliana kusimamia pamoja. Hilo la mwisho bibi zetu walikuwa nalo kabla hatujajenga kuta za matofali.

Kuhusu viboko nitasema moja tu. Watoto wengi ninaowapokea wamechelewa kwa saa mbili au tatu, na ukiwauliza wenzao watakwambia waliogopa kupigwa. Binamu za yule mtoto walimficha kwenye zizi la ng'ombe, wakamwagia maji, wakamkanda kichwa, wakasubiri aamke. Mama alimkuta kwa sababu alimwita aje kula.

Alirudi kwangu Januari, siku chache kabla ya shule kufungua, akiwa na mjomba wake. Akanipa shikamoo, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini hakumbuki chochote baada ya keki kukatwa, wakati binamu zake wanasema alicheza, alilia, na alimtukana mtu. Nikamweleza kwamba kuna sehemu ndani ya ubongo inayoandika mambo ya siku, na pombe ikizidi inazima kalamu huku mtu bado anatembea na kuongea. Akauliza kama ipo siku atakumbuka. Nikamwambia hapana, kwa sababu hayakuandikwa. Mjomba wake, aliyekuwa ameegemea mlango, akavuta kiti akakaa, akaniomba nimwonyeshe namna ya kumlaza mtu kwa ubavu.