Viwanda vya Lubumbashi: tunayoyaamini na yalivyo

Dhana: Tuna shaba na kobalti, viwanda vitajileta vyenyewe.

Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Zaidi ya karne imepita. Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, lakini nyingi huondoka ikiwa haidroksidi, unga ambao bado haujasafishwa kikamilifu, na kazi ya kuusafisha hufanyika China. Inauma.

Dhana: Kwetu kila kitu ni ghali, hatuwezi kushindana na Wachina.

Mwaka 2021 watafiti wa BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, walikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza malighafi ya kathodi (ncha chanya) za betri, tani 10,000 kwa mwaka, kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39. China kingegharimu milioni 112, Marekani 117. Ila hiyo ni bei ya kujenga. Kuendesha ni habari nyingine: umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika unawasha jenereta, na jenereta inakunywa mazuti. Kipuri kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam kina safari ya karibu kilomita 2,000, kinakatiza Zambia, kisha kinasubiri Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Hapo ndipo tunaposhindwa, wala tusisingizie mishahara.

Dhana: Ubunifu ni mambo ya maabara.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inawadharau mafundi wetu. Watazame wanaosubu sufuria za alumini. Wanakusanya pistoni kuukuu na vyuma chakavu, wanayeyusha kwa makaa na feni. Sufuria ya mfano inafukiwa kwenye mchanga uliolowa kidogo, mchanga unashindiliwa, sufuria inatolewa taratibu, na alumini inamiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Huo ni uhandisi.

Kilichobaki ni ubora. Chakavu kisichochambuliwa kinaweza kuwa na madini ya risasi, nayo risasi ni sumu inayoweza kuingia kwenye chakula. Pia unene haulingani: upande mmoja mzito, mwingine unaungua upesi. Mwenye mgahawa akitaka sufuria ishirini zinazofanana, anakwenda kununua za kutoka nje. Kuchambua chakavu na kupima unene hakuhitaji mtambo wa mamilioni. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanametalujia, wataalamu wa metali, mjini humu humu. Wanafunzi wao wangeanza kwa kupima vipande vya sufuria hizo pamoja na mafundi wenyewe.