Akirudi Kazini Baada ya Maradhi ya Akili: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa miaka kadhaa katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi. Mtu akivunjika mkono, kila mmoja wetu anajua la kufanya: plasta, wiki sita, arudi polepole, wenzake wamsaidie kubeba. Akiugua akili, maarifa hayo yote hupotea. Hospitali inashika lake, ofisi inashika lake, na mgonjwa mwenyewe haambiwi na yeyote. Haya ndiyo ninayoyasikia sana, kwenye kibanda cha chai na hata kwenye meza ya wakubwa.

"Apone kabisa kwanza, ndipo arudi."

Husemwa kwa huruma, na ndiyo maana ni vigumu kuling'oa. Wengi hawana siku ya kuamka na kusema leo nimepona. Mfadhaiko, ambao wengine huuita sonona na mtaani huitwa stresi tu (jina linaloufanya uonekane kama deni la kodi ya nyumba), hupungua kidogo kidogo. Mara nyingi usingizi hutangulia kurudi, kisha hamu ya chakula, na uwezo wa kukaza fikira huja mwisho. Anayekaa nyumbani akingoja siku hiyo hupoteza mengine: mpangilio wa siku, marafiki wa kazini, kipato, hata ujasiri wa kupita lile lango. Kadiri likizo inavyorefuka ndivyo kurudi kunavyozidi kuwa mlima.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini. Kwa waliokuwa nje kwa ugonjwa, lilipendekeza matibabu yaende sambamba na msaada unaohusu kazi yenyewe. Kule Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha tiba ya mazungumzo ya kawaida na ile iliyozungumzia kazi tangu mwanzo. Waliopata ya pili walirudi kikamilifu takriban miezi miwili mapema, na dalili zao zilipungua sawasawa na za wenzao. Sisemi mtu asukumwe arudi huku hawezi hata kuoga. Nasema mazungumzo ya kurudi yaanze akiwa bado likizoni, yasingoje likizo iishe.

"Siku za sheria zinatosha."

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi ana cheti cha daktari. Jumla ni siku 14. Sasa weka hesabu hiyo kando ya tembe: dawa za mfadhaiko kwa kawaida huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo kiwango cha chini cha sheria kinakwisha pale pale dawa inapoanza kushika. Makubaliano mengi ya vyama na waajiri yanatoa siku zaidi. Soma yenu kabla hujaugua, maana ukiwa mgonjwa hutakuwa na nguvu za kusoma vifungu.

"Daktari akiongea na ofisi, siri imetoka."

Hii ndiyo inayovuruga mipango mingi kuliko zote, na hofu yake ina sababu. Nimeona ugonjwa wa mtu ukifika kantini kabla yake. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na mwajiri hana haki ya kupekua faili lako. Shida ni kwamba kimya kabisa nacho kinaumiza. Ofisi hupokea karatasi yenye mstari mmoja, kwamba fulani yuko sawa kuendelea na kazi, na msimamizi humpanga zamu ya usiku Jumatatu ileile.

Kinachopaswa kutoka hospitalini kwenda ofisini ni uwezo wa mtu. Ugonjwa wenyewe ubaki kule. Barua nzuri niliyopata kuiona ilikuwa na mistari minne: afanye kazi saa 5 kwa siku kwa wiki 2 za kwanza, asipangwe usiku, asiendeshe folklifti hadi tutakapomwona tena, apewe ruhusa ya kliniki kila Jumatano asubuhi. Haina jina la ugonjwa wala la dawa, na bado msimamizi anajua kesho afanye nini. Mgonjwa aisome kwanza, akubali kwa sahihi yake, na abaki na nakala. Na kwa kuwa saa zimepungua, mshahara wa wiki hizo uandikwe mapema. Nimeshuhudia urafiki ukiisha tarehe 30.

Habari ziende upande wa pili pia. Dada mmoja wa idara ya kufungasha alipewa dawa ya kumeza usiku, yenye usingizi mzito. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi, naye anatoka Githurai, kwa hiyo anaamka saa kumi usiku. Kliniki hawakumuuliza anaingia kazini saa ngapi, na kazini hawakujua anameza nini. Alichelewa mara tatu, akapewa barua ya onyo. Tulipomwandikia daktari ratiba yake, nusu ukurasa tu, saa ya kumeza ikasogezwa mapema jioni, na ofisi ikakubali aingie saa tatu kwa mwezi mmoja. Watu wakisikia huduma iliyoratibiwa, yaani hospitali na kazini kupanga pamoja, hudhani ni jopo la wataalamu wenye koti jeupe. Kwetu zilikuwa karatasi mbili na simu moja, na mtu mmoja wa kuhakikisha zimefika. Mtu huyo anaweza kuwa muuguzi wa kiwanda au afisa wa rasilimali watu. Ila asiwe yule msimamizi ambaye ugomvi naye ulikuwa sehemu ya ugonjwa.

"Mpe kazi nyepesi."

Nyepesi kwa mgongo si lazima iwe nyepesi kwa akili. Kuna mzee wetu mmoja aliyerudi akawekwa stoo ya nyuma ahesabu katoni, peke yake kutwa nzima. Waliompeleka huko walidhani wanamhurumia. Mtu mwenye mfadhaiko ukimfungia na mawazo yake kwa muda wa saa nane umemrudisha alikotoka. Kwake kazi nyepesi ingekuwa kazi ileile anayoijua, pamoja na watu anaowajua, kwa saa chache na bila kukimbizwa na lengo la siku. Kwa mwingine anayeshtushwa na kelele, stoo ingekuwa dawa. Aulizwe mwenyewe.

"Huyu si wa Mathari?"

Hospitali ya Mathari, pale Barabara ya Thika, imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1910, na shukrani yetu Wanairobi ni kuligeuza jina lake kuwa tusi. Wengi wanaotibiwa maradhi ya akili hawalazwi popote. Wanatoka nyumbani, wanamwona daktari, wanapanda matatu kurudi. Huenda uliketi naye kiti kimoja leo.

"Akijisikia sawa, aache dawa."

Hapana. Kwa mfadhaiko, ushauri wa kawaida ni kuendelea na dawa angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, na kuziacha kwa kupunguza taratibu chini ya daktari. Ndiyo maana ruhusa za kliniki haziishi siku mtu anaporudi, na msimamizi anayenung'unika kuhusu Jumatano aelezwe hivyo mapema.

"Ofisi ikitaka, itamfuta tu."

Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu (na maradhi ya akili yanaweza kuhesabiwa humo) katika kifungu cha 5, na kifungu cha 46 kinasema ulemavu si sababu halali ya kumfuta mtu. Akishutumiwa kwa utendaji duni, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe. Iko pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Lakini nisiwadanganye: sheria haiweki kiti wazi milele. Mwajiri aliyebadilisha zamu, akaomba ripoti ya daktari, akangoja na akasikiliza, anaweza hatimaye kuhitimisha kazi kihalali. Aliyeruka hatua hizo ndiye anayepata taabu mahakamani Milimani.

Kwa hiyo nikiitwa kumsindikiza mtu kwenye kikao kama hicho, kabla hatujaingia namwomba vitu viwili: ile barua ya daktari inayosema anaweza nini, na tarehe ambayo ofisi iliipokea.