Majadiliano ya kujiunga na Jumuiya huanzia nyumbani

Wanadiplomasia ninaowafundisha kwa njia ya mtandao kutoka hapa Dar es Salaam huja na swali moja: tukiomba kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tutawabana vipi waliotangulia? Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Mkataba wa 1999 ulioianzisha Jumuiya haufunguliwi upya kwa ajili ya mgeni. Vigezo vya Ibara ya 3, kama utawala bora, haki za binadamu na uchumi wa soko, viko palepale, na Itifaki za Umoja wa Forodha na Soko la Pamoja mnazipokea zilivyo. Mnachojadili hasa ni muda: lini mtaanza kutekeleza hiki, lini kile, na kwa nini hamuwezi leo.

Tazama Somalia. Iliomba 2012, ikakubaliwa Novemba 2023, na Machi 2024 ikawa mwanachama kamili. Kungoja kulichukua zaidi ya miaka kumi, kisha mambo yakaenda kwa miezi. Sudan Kusini nayo ilitia saini mkataba wa kujiunga hapahapa Dar Aprili 2016, na Septemba ikawa ndani. Anayesubiri mlango ufunguliwe ndipo aunde timu ameshachelewa.

Kwa hiyo napenda kozi ndefu ya polepole, na mtandao unairuhusu. Jiji hili lina mazoea ya kuwaandaa wanadiplomasia pamoja na majirani. Chuo cha diplomasia cha Kurasini kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Lakini ukumbi hauwezi kuwashikilia watu wa wizara tano kwa miezi. Mtandaoni, darasa moja lina katibu wa ubalozi aliyeko ng'ambo, afisa forodha wa mpakani, mwanasheria wa serikali na mchumi wa kilimo. Mara nyingi hawajawahi kuzungumza wao kwa wao, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chukua mchele. Ushuru wa pamoja wa forodha, yaani ule ambao wanachama wote hutoza bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, una kiwango cha juu cha asilimia 35 tangu Julai 2022, ila mchele umo kwenye orodha ya bidhaa nyeti na hutozwa asilimia 75. Nawapa nchi ya kubuni inayokula mchele wa Asia na kuutoza asilimia 10. Kazi yao ni sentensi moja tu: “Nchi itatoza ushuru wa pamoja kwa mchele baada ya [miaka mitatu] [miaka mitano].” Kilicho ndani ya mabano hakijakubaliwa. Mwanadiplomasia huandika mitano kwa sababu ni mingi. Mchumi wa kilimo anamuuliza mashamba ya umwagiliaji yatakamilika lini, mtu wa hazina anauliza bei itakuwaje mjini, na afisa forodha anakumbusha kwamba magendo hayangoji mtu. Miaka inayobaki mwishoni ina sababu nyuma yake, na upande wa pili ukiigusa, timu ina la kujibu.

Raundi hizi za majadiliano hufanyika kwa maandishi, kila upande ukipewa hadi jioni ya kesho yake. Umeme ukikatika au bando likiisha, hoja haipotei, nami natoa maoni pembeni ya sentensi ileile. Vikao vya moja kwa moja mtandaoni nafanya vifupi, vya kutetea hoja kwa mdomo.

Kinachokosekana ni korido. Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa mwafaka, na mwafaka hupikwa kwenye chai, watu wawili wakiongea pembeni. Vyumba vidogo vya mtandaoni nisivyoingia mimi vinasaidia, ila havitoshi, ndiyo maana nasisitiza zoezi la mwisho lifanyike watu wakiwa pamoja.

Na kwa wizara nina ombi moja zito: msiwahamishe hawa watu katikati. Afisa forodha aliyeibeba hoja ya mchele tangu mwanzo akipelekwa kituo kingine, mrithi wake atalikuta faili lenye miaka mitano bila kujua ilitoka wapi.