Unga mwekundu shingoni mwa krenki

Hivi karibuni nahodha mmoja alituletea karakanani injini ya boti iliyomzimikia ndani ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yameanza kupwa na abiria wa Pate wamo. Plagi inatoa moto, petroli safi, kompresheni nzuri, ila ukivuta kamba inakurudisha mkono. Tulipoing'oa flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa pula, tukakuta kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoonyesha mahali pake, imekatika, flaiwili imehama nafasi yake, na shingo ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imejaa unga mwekundu kama kahawa iliyosagwa. Sumaku za moto zimo ndani ya flaiwili, kwa hiyo ikihama, plagi huwaka wakati sio wake.

"Kutu hiyo, mwalimu. Maji ya chumvi," akasema.

Hapana, nahodha. Kutu ya chumvi huanzia nje ikaingia ndani. Hapa nje pakavu, ugonjwa uko katikati, chuma kilipokutana na chuma.

Krenki haizunguki kwa mwendo mmoja kama jiwe la kusagia. Kila pistoni ikipigwa na moto huisukuma mbele, kila ikikandamiza huipunguza mwendo. Flaiwili nayo ni nzito, haitaki kubadilishwa mwendo, na ubishi huo huishia pale zilipokamatana. Habu, yaani kitovu cha flaiwili chenye tundu, isipobana sawasawa, hucheza. Huwezi kuuona mchezo huo kwa macho, maana ni sehemu ndogo tu ya milimita, lakini unarudiwa maelfu ya mara kwa dakika. Vinundu vidogo vya chuma hugandana, hung'oka, hukutana na hewa na kuwa unga mwekundu. Unga huo ni mgumu na husaga kama msasa, nafasi ikazidi kupanuka. Mwisho mzigo wote unaiangukia kii, ambayo kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa tu. Kinachobeba nguvu ya injini ni mbano. Kama kii yako imekatika, usikimbilie kununua kii ngumu zaidi.

Wanaotengeneza injini za mbio wanalijua hili vizuri. Katika mbio fupi za magari kule Marekani, pua ya krenki, yaani ncha yake ya mbele, huendesha kwa mkanda kompresa ya kusukumia hewa kwenye injini, inayomeza mamia ya nguvu farasi, na mkanda huo huivuta pua upande mmoja muda wote. Wengine huweka kii mbili, lakini hawaachi kutegemea mbano. Tundu la habu huchongwa dogo kuliko krenki, kwa kawaida kwa milimita 0.02 au 0.03 hivi, chini ya unene wa unywele. Itaingiaje basi? Kwa joto. Tundu la chuma la milimita 40 likipashwa nyuzi 100 zaidi hutanuka karibu milimita 0.05, likateleza lenyewe. Lililobaki humaliziwa kwa kifaa cha parafujo. Nyundo hapana: pigo lake hupita moja kwa moja hadi kwenye beringi za ndani. Na kabla ya kuingiza hupakwa grisi nyembamba ya kuzuia kunata, kwa sababu vyuma viwili vikavu vikisukumwa kwa nguvu hulana, vikaungana bila moto. Chuma cha pua (kile kisichoshika kutu) kwa chuma cha pua ndio wabaya zaidi.

Hapo ndipo mafundi wetu wengi hukosea, kwa nia njema. Wakisikia grisi, wanapaka kila mahali. Tofauti na pua ile iliyonyooka, shingo inapokaa flaiwili ya injini nyingi za boti ni koni, nyembamba kuelekea nchani, na koni hushika kwa msuguano. Isafishe kwa thina, ikauke kabisa. Ukiipaka mafuta inapanda juu kupita kiasi nati inapokazwa, na habu inaweza kupasuka.

Ukitaka kujua kama koni inakaa, ipake wino mwembamba, weka flaiwili bila kii, izungushe kidogo, kisha itoe. Wino ukiguswa chini ya robo tatu ya eneo, isage kwa ile dawa ya kusagia valvu, kisha osha mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Chembe moja ya dawa ikibaki, umepanda mbegu ya ugonjwa uleule. Weka kii mpya, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Bomba la kurefushia spana, ambalo kila boti hapa Lamu inalo chini ya mbao, halina kipimo.

Shingo ya krenki ya nahodha ilisagika ikapona. Flaiwili haikupona: tundu lake lilikuwa limeliwa upande mmoja mpaka ukucha unakwama. Alipoinuka kuondoka aliiomba, atie nanga ya hori la mwanawe.